Firigisi ya Jogoo wa Kota

Mimi kuku sikuwaomba. Nilikuwa nimeolewa hata mwaka haujaisha, nimemfuata mume wangu Nakuru katika kota za reli, chumba kimoja chenye dirisha moja na ua wa saruji nyuma, ndipo nikaletewa kikapu kutoka stesheni. Ndani yake mlikuwa na jogoo mwekundu na mitetea wanne, wamebanana, wamekasirika, wamejinyea safari nzima kutoka kwetu magharibi. Kikapu kilitoka kwa mama mkwe. Mtu wa kwetu aliyesafiri nacho alinipa na maagizo yake: niwatunze kuku wote, lakini jogoo asiguswe. Jogoo ni wa baba mkwe, atakapokuja baada ya mavuno kuona tunavyoishi.

Hayo maneno ya kuona tunavyoishi ndiyo yaliyoninyima raha miezi yote iliyofuata. Siku zile wanaume wa kwetu walifanya kazi mjini na wake zao wakabaki nyumbani kulima. Mke aliyekaa mjini alihesabiwa amekwisha kuharibika, au yuko njiani. Baba mkwe aliniruhusu kwenda kwa shingo upande, akasema atakuja mwenyewe. Akikuta nyumba ni nyumba, nitabaki na mume wangu. Akikuta mchezo, nitabeba sanduku langu nirudi kumpalilia mahindi, nimwone mume wangu kila Krismasi kama wake wengine. Na mama mkwe alikuwa amenionya kabla sijaondoka kwamba mzee hataangalia kitanda wala masufuria. Ataangalia kuku. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa kweli sijui ni nani aliyefungwa zaidi, mimi au wale wa kikapuni.

Siku ya kwanza nikafanya kama kila mwanamke wa kwetu anavyofanya. Nikafungua mlango wa nyuma nikawaachilia.

Hawakufika mbali. Bwana Afya alikuwa akipita kwenye kota na kofia yake na fimbo yake, akinusa vyoo na kuchungulia masufuria ya watu. Akasimama mbele ya mtetea mmoja kana kwamba ameona chui.

"Wewe mama, hii kuku iko hapa nje inatafuta nini?"

Nikamwambia inatafuta chakula. Akanijibu kwamba hapa ni mjini, kuku hatembei, kuku anakaa ndani ya nyumba yake, na kama hana nyumba basi hana ruhusa. Akamchukua yule mtetea kuwa onyo. Alimbeba kwa miguu, kichwa chini, na ninavyomjua yule bwana, onyo lile lililiwa jioni hiyo hiyo na ugali.

Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, basi akaniletea mbao za makreti yaliyovunjika, akawajengea kuku kibanda juu ya matofali, mbele waya, juu kipande cha bati. Alijivunia sana kile kibanda. Alisimama na nyundo yake mkononi akaniambia kazi yake imekwisha, iliyobaki ni yangu. Ni kweli. Iliyobaki ilikuwa yote.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mpaka leo linanikera. Nilizaliwa katikati ya kuku, nikakua nikikanyaga kuku, lakini nilikuwa sijui kuku anakula nini. Hakuna aliyejua. Kwetu kuku walilala jikoni, asubuhi mtu akawafungulia mlango, jioni akawarushia ukufi wa mtama ili wakumbuke nyumbani. Hayo yaliyokuwa katikati, kutwa nzima, yalikuwa mambo yao wenyewe. Walikwenda wakarudi wameshiba. Ukimfungia kiumbe wa namna hiyo kwenye kreti, unatakiwa uwe wewe ndiye shamba, na ndiye mchwa, na ndiye kichaka, na ndiye vumbi la kuogea. Nani aliniambia hayo? Mama mkwe aliniambia jogoo asiguswe.

Nikaanza na ugali. Ugali uliobaki usiku niliulowesha maji, wakala asubuhi. Wakachoka nao. Wakakaa wamejikunyata, wananitazama kwa jicho la upande lile la kuku, jicho linalokuona mjinga. Kisha wakaanza kudonoana. Mtetea mmoja alinyonyolewa mgongo wote na wenzake, akabaki mwekundu, nikampaka masizi ili wasimwone vizuri. Walipoacha kudonoana wakaingia kula mayai. Wanasema kuku havunji yai lake. Aliyesema hivyo hakufuga kuku Nakuru. Hawa wangu walitaga, wakageuka, wakanywa, na ganda lenyewe lilikuwa laini kama ngozi ya kidole kilicholowa maji.

Utitiri nao ukaingia. Ulipanda kutoka kwenye kibanda, ukapita mlangoni, ukapanda kitandani. Mume wangu alikuwa anajikuna kazini mpaka wenzake wakamwuliza kama ameoa mke au ameoa kuku. Nikamwaga majivu ndani ya karai, kuku wakaoga, wakapiga chafya, utitiri ukapungua kidogo. Pale kota ya pili kulikuwa na mtu wa kuchochea makaa ya injini, analala mchana na kufanya kazi usiku, na kila jogoo alipowika yule bwana alipiga ukuta kwa kiatu. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba siku moja atamla. Nikamwomba asubiri, jogoo ana mwenyewe.

Majani nilipata kwa mama mmoja kutoka Dundori, aliyeleta kabichi na viazi sokoni. Yale majani ya nje ya kabichi, yaliyochanika, alinipa bure, na kuku waliyagombania mpaka waya ukatikisika. Kwa majuma kadhaa mayai yakawa na ganda la kufaa na mimi nikalala. Kisha mambo ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni yakakaza, mara pasi za kutembea, mara msako, watu wa kabila lake wakawa hawapiti njia bila kusimamishwa, na mama yule akaacha kuja. Niliuliza sokoni, kila mtu akatazama pembeni. Ninaona haya kusema kwamba siku ile nilifikiria kabichi kwanza, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na jogoo wa baba mkwe alikuwa anakonda.

Ikabaki nafaka ya ghalani. Magunia yalipohamishwa, mahindi na ngano zilizomwagika zilifagiliwa pamoja na kila kilichokuwa sakafuni, na mume wangu aliruhusiwa kubeba yale yaliyofagiliwa. Aliniletea kwenye gunia: mahindi, ngano, mchanga, changarawe, vipande vya makaa, siku moja hata kifungo cha koti. Na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri. Mwanamke wa kwetu hapiki nafaka yenye mawe. Mgeni akitafuna jiwe katika chakula chako, habari itafika kwa mama yako kabla hujaosha vyungu. Nikachukua ungo, nikapepeta. Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma kila asubuhi, vumbi jeupe kutoka kwenye ziwa la Nakuru likinipiga machoni, nikachambua punje kwa punje, jiwe huku, hindi huku. Mawe niliyatupa mbali kule kwenye mtaro. Kisha mahindi niliyasaga kidogo, ngano nikailowesha, chakula kikawa laini kabisa.

Jirani mmoja alinikuta nikamsikia anacheka, eti nachambulia kuku. Nikamjibu kwamba hawa si kuku, hawa ni kesi yangu.

Na jogoo akanenepa. Hilo nitalisema kwa haki. Mkia ukarefuka, upanga wa kichwani ukawa mwekundu, kifua kikajaa. Nilimtazama kwenye waya nikajisemea kwamba baba mkwe na aje sasa, hata kesho.

Alikuja, na mama mkwe nyuma yake, Jumamosi, na treni ya mchana. Sasa niseme habari ya nyumba. Kwetu baba mkwe hakai chumba kimoja na mke wa mwanawe, hamtazami usoni, hali mbele yake. Na sisi chumba tulikuwa nacho hicho kimoja. Mume wangu alitundika shuka katikati, kwa kamba. Upande wa dirisha wakakaa wanaume kwenye viti, upande wa mlango wa nyuma nikakaa mimi na mama mkwe na jiko la makaa. Usiku mzee alikwenda kulala kwa mtu wa ukoo wetu kota za mbele. Kwa heshima sote tulijifanya kwamba shuka ni ukuta, ingawa nilisikia hata mzee akimeza mate.

Jumapili baada ya kanisa jogoo akachinjwa. Mzee alikwenda kumtazama kwanza, akamshika kifua, na nikasikia kupitia kwenye shuka akisema ni mzito. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikamnyonyoa, nikampasua, mama mkwe ameketi kigodani karibu nami akichochea makaa.

Msomaji ambaye si wa kwetu lazima aelewe habari ya firigisi, au imondo tunavyoiita. Kuku mzima huandaliwa mgeni, kila kiungo kwa hesabu yake, wala kisikosekane hata kimoja. Lakini imondo ndiyo heshima yenyewe. Ni ya mwenye boma. Na mwanamke kwetu zamani zile hakula kuku kabisa, wala yai. Aliwalisha, akawalinda, akawapika, akala mboga. Mwanamke akila kuku alionekana mlafi. Akila imondo amempindua mumewe, na walikuwepo wanawake waliorudishwa kwa wazazi wao kwa kipande hicho cha nyama tu.

Nilipoitoa imondo ya yule jogoo nilishtuka. Ilikuwa ndogo, nusu ya ile niliyoizoea, tena legelege, imelala kiganjani haina nguvu. Nikaipasua niioshe. Kwetu ukipasua imondo unakuta mawe madogo na mchanga, unavikung'uta. Humu mlikuwa na uji tu. Nikamwonyesha mama mkwe. Akaitazama, akanitazama mimi, akarudi kuchochea makaa. Nikadhani ndivyo kuku wa mjini walivyo, kwani kila kitu cha mjini ni kidogo. Nikaipika.

Mume wangu akabeba chakula akapita nacho kwenye shuka. Nikasikia maji ya kunawa, nikasikia sala, sala ndefu. Kisha nikasikia bakuli la nyama likifunuliwa.

"Muulize mke wako," mzee akasema, "nusu nyingine ya imondo iko wapi."

Mume wangu akainuka, akafunua shuka, akaja kwangu hatua mbili, akaniuliza kwa sauti ile ile nusu nyingine ya imondo iko wapi. Nikasema hakuna nusu nyingine, ilikuwa hivyo hivyo. Akarudi hatua mbili akamwambia baba yake kwamba ilikuwa hivyo hivyo. Mzee akasema amekula kuku tangu hawajazaliwa hao wazungu wa reli, na jogoo wa kifua kile hana imondo ya kifaranga. Mume wangu akaja akaniambia hayo. Nikamwambia nimesikia, si nipo hapa. Wakaendelea hivyo, yeye akitoka na kuingia kama mlango, na kila aliporudi uso wake ulikuwa umezidi kunishuku. Hilo ndilo lililoniuma. Mzee alikuwa na haki yake. Lakini huyu aliniona kila asubuhi na ungo.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, si uliniona nikiipasua?"

Mama mkwe aliangalia makaa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Upande wa pili mzee alikuwa ameanza kusema habari ya treni ya Jumatatu, na kwamba hapo kwenye mabehewa nafasi ya mtu wa tatu haikosekani. Sanduku langu lilikuwa pale chini ya kitanda. Nililitazama. Nikajiona nimepinda mgongo kwenye shamba la mzee, na huku Nakuru mume wangu akijipikia, na wote wanaonipita njiani wakijua nilirudishwa kwa nini.

Basi hasira ikanipanda, na hasira ndiyo iliyonifungua macho. Nililikumbuka lile gunia. Nilikumbuka mawe niliyotupa mtaroni, asubuhi baada ya asubuhi, na imondo iliyojaa uji. Sikuwa na hakika. Nilijua tu kwamba kama yule jogoo alikuwa hivyo, na mitetea waliokula naye chombo kimoja lazima wawe hivyo. Nikatoka uani, nikafungua kibanda, nikamshika yule aliyenyonyolewa mgongo, nikamfunga miguu. Nikapiga magoti mbele ya shuka, nikamsukuma kuku chini yake mpaka upande wa pili, na kisu nikakisukuma nyuma yake.

"Mwambie baba," nikamwambia mume wangu, "amchinje yeye mwenyewe, ampasue yeye mwenyewe. Akikuta imondo nzima, nitapanda hiyo treni."

Kuku akapiga mbawa sakafuni. Mtu akainuka, nikasikia viatu vya mzee vikitoka kwa mlango wa mbele, mume wangu akifuata na karai. Nikasubiri. Mama mkwe alikuwa ameacha kuchochea, na makaa yakaanza kufifia bila yeye kuona.

Waliporudi, mzee aliketi kwenye kiti chake. "Huyu hana mawe," akasema. Kisha akauliza ninawalisha nini. Mume wangu, ambaye dakika chache kabla alikuwa tayari kunibebea sanduku, akaanza kumweleza kwa majivuno jinsi mkewe anavyopepeta, anavyochambua kila punje, asimwachie kuku hata chembe ya mchanga. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko kikavu, kifupi.

"Kuku hana meno," akasema. "Meno yake ni mawe. Mwambie awarudishie mawe yao."

Basi. Hilo ndilo lililokuwa ombi la msamaha, na hukumu, na ruhusa, yote kwa pamoja. Mtu hamfundishi kulisha kuku mwanamke anayemrudisha kwao. Sikusikia tena habari ya treni. Nilisikia mzee akimega ugali na kula ile imondo yake ndogo, akitafuna polepole, na mume wangu akinyanyuka kuniletea ujumbe niliokwisha kuusikia. Nilimwambia akae ale.

Nikabaki na karai aliyonirudishia mume wangu. Mtetea yule alikuwa amelala humo amepasuliwa, na imondo yake juu, ndogo, wazi, safi. Mzee alikuwa na yake. Mume wangu hakuthubutu kuila mbele ya baba yake. Haikuwa na mwenyewe. Nikaiosha, nikaitia chumvi, nikaiweka kwenye sufuria ndogo juu ya makaa. Nilikuwa nimekwisha kuhukumiwa kwa kosa hili na kuachiliwa bila kulionja.

Mama mkwe alinitazama nikiigeuza. Nilingoja anikemee, na nilikuwa na jibu lake, jibu baya, la mtu aliyekaa kimya mwenzake alipokuwa anazama.

"Ningesema nimekuona," akasema chini kwa chini, ili isipite kwenye shuka, "wangesema tumekula wote wawili."

Nikaigeuza tena imondo. Akavuta kigoda karibu na jiko.

"Mimi pia nilisingiziwa," akasema. "Nikiwa bibi arusi, kama wewe. Kipande cha imondo kilianguka motoni. Nililala nje mvua ikinyesha, na asubuhi nikarudishwa kwetu, nikakaa huko mpaka baba yangu akaniombea. Mimi hakuna aliyenichinjia kuku wa pili."

Mama yule alikuwa na nywele nyeupe. Alikuwa amefuga kuku maisha yake yote, na kwa vile nilivyomjua, hakuna tone la mchuzi wao lililowahi kupita kooni mwake. Upande wa pili wanaume walikuwa wamefika kwenye habari za mvua. Niliitoa imondo kwenye sufuria, nikaiweka juu ya kifuniko, nikachukua kisu.

Basi tukaila wote wawili.